Kamera ya Kumhamisha Leonia

Kamera ilifika Katubuka ikitokea Mwanza, ndani ya boksi lililozungushiwa gundi ya karatasi mpaka Klementina akasema hata mwizi wa kuku hafungwi hivyo. Alilipasua kwa kisu cha samaki, akatoa kitu cheusi chenye pua fupi na mkanda wa kuvaa shingoni. Akakiweka mezani, akakitazama. Nacho kikamtazama.

"Umeipata, mama?" Merina, binti yake, aliuliza kwenye simu. Merina ni nesi huko Mwanza, na ndiye aliyeinunua.

"Nimeipata. Mbona ina jicho moja?"

"Zote zina jicho moja, mama. Hiyo ni ya kisasa, ya dijitali. Utawapiga picha wajukuu wakija likizo."

"Wajukuu watasubiri. Kwanza nakwenda Kagunga kumpiga dada yangu."

"Utampiga mama mkubwa picha?"

"Nikishindwa kwa picha nitampiga kwa fimbo."

Mambo yalikuwa hivi. Leonia, dada mkubwa wa Klementina, yule aliyembeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda, alikuwa akikaa Kagunga, kule juu karibu na mpaka wa Burundi, katika nyumba ambayo marehemu mumewe Marselino aliijenga ikitazama ziwa. Wakati inajengwa, kati ya mlango na maji palikuwa na mchanga wa kuanika dagaa wa kijiji kizima, na mbuzi wakabaki na pa kulala. Miaka hii ziwa likaanza kupanda. Likala mchanga. Likala michikichi. Likala choo cha jirani, hapo watu wakacheka kidogo. Halafu likala jirani mwenyewe, maana ukuta ulimwangukia alfajiri, akatolewa akiwa hai lakini mguu haukurudi kuwa mguu, na hapo hakuna aliyecheka tena. Watu wakahamia mlimani. Leonia akabaki.

"Ziwa hili nalijua," alikuwa akisema. "Lilipanda nikiwa msichana, likaona haya, likarudi lenyewe."

Klementina alimsihi ahamie kwake Katubuka. Alimsihi kwa upole, akamsihi kwa machozi, akamsihi kwa padre. Aliposema maji yameshagusa msingi, Leonia alimjibu: "Klementina, wewe tangu utotoni unatia chumvi mpaka kwenye uji." Vijana wa kijiji nao wakajaribu kumwonyesha nyumba yake kwenye simu zao. Bahati mbaya, kijana wa kwanza alianza kwa kumpiga picha yeye Leonia, na simu ikamwotesha masikio ya sungura na mashavu ya waridi. Tangu siku hiyo Leonia akatangaza kwamba simu ni kitu kiongo, na picha yoyote itokayo humo ni ya uongo. Picha ya kweli, alisema, hupigwa na kamera ya shingoni, kama ile iliyompiga siku ya harusi yake.

Basi Klementina akatafuta kamera ya shingoni. Nyani haoni kundule, na mwenye nyumba haioni nyumba yake akiwa amekaa ndani. Leonia alikuwa akilitazama ziwa kutokea mlangoni. Nyumba kutokea ziwani hakuwahi kuitazama, kwa sababu tangu magoti yaanze kumsumbua hakupanda boti. Akionyeshwa jinsi ilivyo, na kamera anayoiheshimu, labda atatoka humo kabla mvua hazijakolea. Asipotoka, Klementina alijua atakuja kuitwa kwa simu alfajiri moja, na simu hiyo hakutaka kuipokea.

Sasa, kuwa na kamera ni jambo moja, na kuijua ni jambo lingine. Klementina akaifunga kwenye kitenge, akashuka nayo mpaka Rusimbi kwa mzee Gervasi.

Gervasi alikuwa na studio Ujiji zamani, enzi watu wakipigwa picha wamesimama mbele ya pazia lililochorwa ndege ya abiria. Nusu ya Ujiji wamepanda ndege ile. Simu zilipoingia, studio ikafa, na mkewe akafuata, na Gervasi akabaki na kofia yake na maneno mengi. Alipoona kitu kilichofungwa kwenye kitenge alidhani ni chakula, akafurahi. Kilipofunuliwa alifurahi zaidi.

"Fundi, nifundishe," Klementina alisema.

"Mama Merina, chombo hiki kinataka heshima. Kwanza, hapa pana mwanga mno."

Kwa maana Gervasi, maisha yake yote, hakufungua kamera mwangani. Kufungua kamera mwangani, kwake, ni kama kufunua chungu cha wali kabla haujaiva: mwanga unaunguza filamu, na picha zote zinakufa. Betri na kadi vilikuwa bado havijatiwa, na ili vitiwe lazima kamera ifunguliwe, na ili ifunguliwe lazima liwepo giza. Akamwongoza Klementina mpaka stoo ya unga, akafunga mlango, akaziba upenyo wa chini kwa gunia.

Humo ndani hakuna aliyemwona mwenzake.

"Hiki ni nini?" aliuliza Klementina.

"Ni kidole changu."

"Na hiki?"

"Hicho pia ni kidole changu, Mama Merina. Kiachie, ndicho ninachofanyia kazi."

Walipotoka walikuwa wanatiririka jasho, wamepakaa unga wa muhogo mpaka kwenye nyusi. Na nani alikuwa anapita na ndoo yake wakati huo kama si Elida, mwimbaji mwenzake Klementina kwenye kwaya, mwanamke ambaye ukimwambia siri huna haja ya tangazo kanisani.

"Habari za humo ndani?" Elida aliuliza.

"Giza," alijibu Klementina.

"Naona," alisema Elida, akaenda zake kwa mwendo wa mtu mwenye kazi.

Jioni Merina alipiga simu kuuliza kama wamefanikiwa kuweka betri. Alipoelezwa habari za stoo alicheka mpaka wagonjwa wake wakaamka. "Mama, hiyo haina filamu! Hata mkiifungua juani haiungui kitu. Mwambie mzee Gervasi."

Mzee Gervasi hakuhitaji kuambiwa, maana simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa. Alivua kofia, akaikung'uta unga, akaivaa tena.

"Haina filamu," alisema. "Sawa. Lakini jua ni lile lile."

Kuanzia hapo akafundisha kweli. Alimfundisha kulipa jua kisogo. Alimfundisha kubana pumzi wakati wa kubonyeza, asije akatikisa. Alimfundisha kitufe chenye mshale, kile cha kurudisha picha nyuma uitazame, jambo ambalo yeye mwenyewe alijifunza asubuhi hiyo hiyo, ila alilisema kwa sauti ya mtu aliyezaliwa nalo. Juu ya kamera palikuwa na kigurudumu chenye vijichoro: mlima, ua, mtu anayekimbia, na kijisinema. Gervasi akakizungusha mpaka kwenye alama ya kijani.

"Hapa hapa. Ukikigusa, mimi sikujui."

Klementina alijifunzia kwa kuku, kwa ndoo, kwa kidole chake cha mguu. Alimpiga Elida akienda kisimani. Elida alipoonyeshwa akalalamika, "Imenikata kichwa!" Klementina akasema, "Haikukata. Imechagua." Lakini siku zilivyokwenda picha zikatulia, nyumba zikaacha kulala chali, na Gervasi akasema sasa mwanafunzi anaweza kwenda.

"Nyumba ya dada yako ipige ukiwa bado majini," alimwusia. "Mlango, msingi na maji, vyote vionekane pamoja. Ukishuka kwenye boti umechelewa, nyuma yako ni ziwa, utasimama wapi? Mikono miwili kwenye kamera, na usiiachie mpaka umemaliza. Hata ukiitwa na malaika."

"Malaika akiniita nitamwambia fundi amekataza."

Boti la Kagunga huondokea Kibirizi. Siku hiyo lilibeba unga, soda, magodoro, masufuria na watu juu ya vyote hivyo. Klementina alivaa kamera shingoni, akashusha kitenge juu yake kuikinga na manyunyu ya mawimbi, akakaa. Kijana mmoja mwenye miwani ya jua aliona pua ya kamera ikichungulia.

"Bibi, wewe ni mwandishi wa habari?"

"Ndiyo. Habari yenyewe ni wewe kukalia gunia langu la unga."

Kijana akahama. Boti likapita Gombe, likapita vijiji vilivyobandikwa kwenye miguu ya milima, likirushwa na kushushwa, na kila liliporushwa kitenge kilisugua kamera na kamera ikasugua kitenge. Klementina alikuwa anahesabu magunia yake na kumwomba Mungu. Kigurudumu hakuna aliyekikumbuka.

Walipokaribia Kagunga alimwita nahodha. "Telesphory mwanangu, usinishushe kwenye gati lenu. Pita pole pole mbele ya nyumba ya Leonia, halafu nishushe pale."

"Bibi, pale hapashukiki. Maji yamefika mlangoni."

"Ndiyo maana nataka."

Telesphory akapunguza injini. Na nyumba ikajitokeza.

Klementina alikuwa amekuja Kagunga mwaka uliopita, na alikuwa amesikia, na alikuwa amesimulia, na alikuwa ametia chumvi. Lakini hakuna chumvi iliyofika hapo. Nyumba ilikuwa imesimama majini kama ng'ombe aliyekwenda kunywa akasahau kurudi. Kona moja ya msingi ilikuwa imebaki hewani, mawe yameondoka, ukuta umeshikiliwa na mazoea tu. Wimbi lilikuja, likalamba kizingiti, likarudi.

Akatoa kamera. Jua lilikuwa mgongoni. Mikono miwili. Akabana pumzi, akabonyeza.

Haikulia ule mlio wake. Badala yake pembeni pa kioo pakawaka kijidoa chekundu. Klementina alikuwa ndiyo kwanza anajiuliza kamera imekasirishwa na nani, ndipo mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka Leonia, mrefu, mkavu, kilemba cheupe kichwani, akaingia majini mpaka kwenye vifundo vya miguu kana kwamba ndiyo uwanja wake. Akamwona mdogo wake. Akapinda magoti kidogo, magoti yale yale mabovu, akapiga makofi.

"Mwidiwe!"

Hapa ni lazima kueleza, kwa asiyewajua Waha. Salamu kwetu si neno moja la kumtupia mtu ukipita. Mdogo anainama, mkubwa anaitika, wote wanapiga makofi ya taratibu, viganja vikiwa mviringo, na watu wanaulizana habari za nyumba, za watoto, za shamba, za kuku, kisha wanarudi mwanzo kama hawajaulizana. Na mikono lazima iwe mitupu. Kumsalimia mkubwa wako ukiwa umeshika kitu ni kumwambia kitu hicho kina thamani kuliko yeye. Na kuacha mkubwa aanze kukupigia makofi, wewe umesimama kama nguzo? Afadhali ufe maji.

Malaika angeweza kusubiri. Leonia hapana.

Klementina aliiachia kamera, ikaning'inia kifuani. Akateremka botini, maji yakamfika chini ya magoti, magunia yakashushwa kando, Telesphory akaondoka, na Klementina hana habari. Alikuwa ameshainama. Viganja vikaitana. Leonia alikuwa bingwa wa salamu Kagunga nzima. Watu wenye haraka walizunguka kwa nyuma ya kilima wasikutane naye. Aliuliza habari za Katubuka. Aliuliza habari za Merina, za kazi ya Merina, za wagonjwa wa Merina. Aliuliza kama mihogo imekubali. Akauliza mgongo wa Klementina, na meno yake, lile la nyuma na yale ya mbele.

"Nanyi hapa, dada, nyumbani ni amani?"

"Amani tupu," alisema Leonia. "Hatuna baya."

Walipomaliza, Klementina aliinua uso na kulikuta boti limekuwa dogo kama kiatu. Akashika kamera, akarudi nyuma hatua, maji yakafika mapajani. Akarudi tena, yakataka kumbeba. Akabonyeza tu bila kuona vizuri, kile kijidoa chekundu kikazimika, na hakuna kilicholia.

"Unatafuta nini humo majini?" aliuliza Leonia.

"Heshima yangu," alijibu Klementina. "Imeanguka hapa hapa."

Ndani ya nyumba alikuta kitanda kimepandishwa juu ya matofali, na jiko limepandishwa juu ya meza, na kuku amejipandisha mwenyewe dirishani. Sakafu ilikuwa na rangi ya ulimi. "Unyevu tu," alisema Leonia. Walikaa kitandani, miguu juu, kama wasichana. Wakala ugali wa muhogo na samaki mgebuka aliyepikwa kwa mawese, na mambo yangekuwa matamu kama Klementina asingekuwa na kinyongo na nafsi yake. Ametoka Katubuka, amefundishwa gizani na mwangani, amechafuliwa jina na Elida, na picha moja aliyoijia hakuipata. Boti lingine lingekuwapo, lakini je, atashuka majini tena na Leonia asimsalimie?

Leonia naye alikuwa na kinyongo chake. "Hapa sasa pameingia mwizi," alisema.

"Mwizi?"

"Esther." Esther ni mjane kijana ambaye nyumba yake iko nyuma kidogo, penye mwinuko. "Kwanza kandambili zangu. Halafu upawa. Halafu ungo. Leo natoka kukulaki, narudi ndani, kigoda cha Marselino hakipo! Nani mwingine yuko jirani? Simsalimii tena."

Klementina akashtuka. Leonia kutomsalimia mtu ni sawa na kumzika na kuondoka na jembe. "Ulimwona?"

"Mwizi anaonekana?"

Kwa kukosa la kufanya Klementina akaichukua kamera, akabonyeza kitufe chenye mshale, angalau aone kama pua ya nyumba au kipande cha paa kimeingia. Kwenye kioo ikatokea nyumba yote. Yote! Mlango, msingi, maji. Na katikati yake pembetatu nyeupe, ambayo Gervasi hakuwahi kuitaja. Klementina akaibonyeza pembetatu, naye kwa kawaida alibonyeza chochote kilichokatazwa na kisichokatazwa.

Nyumba ikaanza kuyumba. Mawimbi yakatembea. Kamera ikasema, kwa sauti ya Leonia, "Mwidiwe!"

Leonia aliruka kitandani. Kuku akaruka dirishani.

"Nani huyo?"

"Ni wewe, dada."

"Mimi niko hapa."

"Na humo pia uko. Tazama. Haijakuotesha masikio."

Wakaweka vichwa pamoja. Kumbe kitenge kilikuwa kimesukuma kigurudumu mpaka kwenye kijisinema, alama ya picha zinazotembea, nayo picha ilikuwa inatembea na kifua cha Klementina: ikashuka majini, ikainama alipoinama, ikapanda alipopanda. Katikati alikuwepo Leonia, kilemba chake, viganja vyake, uso wake mzuri wa salamu. Nyuma ya mgongo wake palikuwa na mlango uliofunguliwa wazi.

Leonia wa kwenye kamera akauliza habari za Merina. Wimbi likaja nyuma yake, likapanda kizingiti, likaingia ndani. Likatoka. Akauliza habari za mihogo. Wimbi lingine likaingia, likakaa kidogo humo ndani kama mtu anayechagua, likatoka na beseni, likaliacha, likalichukua tena. Akauliza habari za meno. Kuku akaonekana akikimbilia dirishani. Kisha sauti ya Klementina, "Nyumbani ni amani?" na sauti ya Leonia, tamu, imenyooka, "Amani tupu. Hatuna baya," na nyuma ya neno hilo hilo ziwa likatoka mlangoni limebeba kigoda cha Marselino, miguu mitatu ikiwa juu, likaenda nacho pole pole kama mbeba jeneza.

Klementina alitaka kucheka. Akamtazama dada yake, kicheko kikafia kwenye pua.

"Rudisha pale," Leonia alisema.

Klementina alirudisha. Waliangalia tena. Walipofika kwenye kigoda Leonia aliweka kidole juu ya kioo, kama wa kukizuia.

"Limeingia ndani," alisema.

"Limeingia."

"Mimi nipo mlangoni, nasalimiana na mgeni, lenyewe linanipita mgongoni. Hodi halikupiga."

"Halikupiga, dada."

"Limetoka na kigoda cha watu. Hata kuaga."

"Hata kuaga."

Nje maji yalikuwa yanagonga msingi, tap, tap, kama mtu anayeandika. "Nilisema lina haya," Leonia alisema. "Hili si lile la usichana wangu. Lile lilikuwa na malezi."

Halafu alishuka kitandani, akajifunga khanga vizuri, akatoka. Klementina alidhani anakwenda kulitukana ziwa, akamfuata mbio asikose. Lakini Leonia alizunguka nyuma, akapanda mwinuko mpaka kwa Esther, aliyekuwa anasonga ugali uani. Na Leonia, mkubwa, bingwa, mtu ambaye Kagunga nzima humwinamia kwanza, akapinda magoti mabovu yale, akaanza yeye kupiga makofi.

Esther aliacha mwiko ukazama kwenye sufuria. "Bibi, usifanye hivyo! Mimi ndiye mdogo!"

"Nyamaza uitike. Nina deni la salamu, nalipa. Mwidiwe."

"Mwidiwe, bibi," Esther aliitika, machozi yakimtoka, au labda ni moshi. "Upawa wako ninao. Niliuokota kule mwaloni, boti zinapoegeshwa. Nilikuletea ukanifungia mlango."

"Nilikufungia wewe, nikaliachia ziwa wazi," alisema Leonia. "Nipe upawa wangu. Na kama ugali umeiva, tumekuja."

Wakala mara ya pili. Huko juu, akiangalia paa la nyumba yake kwa chini, Leonia alisema bila kumtazama mtu: "Klementina, kwako Katubuka naweza kulala upande gani?"

Klementina alirudisha tonge kwenye sahani. Miezi yote aliyoililia sentensi hiyo, na sasa imetoka kama mtu anayeomba chumvi. "Upande wa dirisha. Godoro nimeshalinunua."

"Ulikuwa na uhakika."

"Nilikuwa na matumaini. Uhakika ni wako wewe."

"Basi nakuja. Lakini mlango nauchukua."

"Mlango wa nini, dada? Kwangu kuna milango, mmoja haufungiki, wengine wazima."

"Kuta zile zilijengwa na mafundi, waliolipwa na kunywa. Mlango Marselino aliuchonga mwenyewe, kwa mti wa mvule, nami nikimshikia mbao. Ziwa lichukue kuta. Mlango likitaka, lije Katubuka lijieleze."

Zikapita siku za kufunga mizigo. Klementina alirudisha kigurudumu kwenye kijani, akapiga picha mpaka akachoka: nyumba kwa mbele, nyumba kwa ubavu, Leonia akiwa ameshika upawa kama askofu ameshika fimbo. Kila jioni mawimbi yalimega kipande kingine cha msingi, na kila asubuhi Leonia aliyatazama kwa dharau, kama mtu anavyomtazama mpangaji aliyekwisha kupewa notisi. Siku ya safari wavuvi walikuja na Esther, wakaung'oa mlango kwenye bawaba zake. Nyumba ikabaki imeachama. Leonia alisimama mbele yake, akapiga makofi mara kadhaa, kwa sauti ndogo, maneno yake hakuna aliyeyasikia, na Klementina, ambaye kwa kawaida husikia mpaka yasiyosemwa, aligeukia upande mwingine akajifanya anafunga kuku.

Telesphory alipouona mlango alishika kiuno. "Bibi, boti hili ni la abiria."

"Nao ni abiria. Utalala."

Wakaulaza juu ya magunia, katikati ya boti, na Leonia akapanda akakaa juu yake, miguu mbele, kuku kapuni, kilemba kimenyooka. Boti likaanza kuokota watu kijiji baada ya kijiji. Nafasi zikaisha. Mwanamke mmoja mwenye beseni la dagaa akaona ubao mpana, mkavu, una pa kukaa, akarusha mguu.

"Wewe, piga hodi kwanza," alisema Leonia. "Huoni ni mlango?"

Mwanamke alimtazama, akatazama ubao, akaona bawaba, akaona kitasa. Akainama akagonga. "Hodi?"

"Karibu. Keti. Habari za kwenu?"

Boti zima likaangua kicheko, na watu wa ziwa wakishapata mchezo hawauachi. Kila aliyepanda akaelekezwa agonge, na kila aliyegonga akakaribishwa, akaulizwa habari za shamba mpaka za meno. Ule mlango haukuwahi kupokea wageni wengi hivyo hata siku ya harusi. Karibu na Mwamgongo akapanda mzee mmoja na mbuzi. Akagonga, akaitikiwa, akataka kukaa.

"Na huyo?" Leonia aliuliza, kidole kwa mbuzi.

"Ni wangu."

"Sikuuliza ni wa nani. Amepiga hodi?"

Yule mzee, bila kucheka, akakamata kwato ya mbuzi, akagonga nayo mara mbili juu ya mvule wa Marselino. Klementina alikuwa ameshainua kamera, mikono miwili, jua mgongoni. Alijaribu kubana pumzi. Ikamshinda kwa kicheko, ziwa na mbuzi na dada yake vyote vinachezacheza kwenye kioo. Akabonyeza hivyo hivyo.